Kusafisha Hewa ya Nyumba Iliyopuliziwa Dawa

Dawa inayopuliziwa chumbani kwa ajili ya kunguni, mende au mchwa haimalizi kazi yake saa ile mpulizaji anapofunga bomba lake, akapokea ujira na kwenda zake. Shambani jua huiunguza, mvua huiosha na vijidudu vya ardhini huila. Lakini chumbani hakuna jua kali, wala mvua, wala udongo, na dawa ambayo juu ya jani la mpamba ingalitoweka kwa siku chache yaweza kubaki ukutani, katika nyuzi za zulia na katika sufi ya godoro kwa miezi mingi, na aina nyingine kwa miaka. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji ambaye nyumba yake imekwisha kupuliziwa, au i karibu kupuliziwa, naye ataka kujua jinsi hewa avutayo yeye na watoto wake itakavyopata kutakasika. Mashine za kuchuja hewa nitazieleza kwa urefu unaozistahili, kwa kuwa zina manufaa ya hakika na bei yake si ndogo. Lakini nitaziweka nyuma ya mambo mengine, maana chujio likiwekwa katika chumba kisichosafishwa litachuja usiku kucha kile ambacho sakafu na kuta zinakirudisha hewani usiku kucha.

Yafaa kwanza kujua kwamba masalia ya dawa hukaa hewani kwa sura mbili, na kila sura ina tiba yake. Sura ya kwanza ni mvuke. Daiklovosi, dawa inayopendwa na wengi kwa ukali wake, ni maji yanayogeuka mvuke upesi sana. Ndiyo sababu humwua mende aliyejificha katika ufa ambao tone halikufika, na ndiyo sababu vile vile humfikia mtu aliyelala chumba cha pili. Klopirifosi, iliyokuwa dawa mashuhuri ya mchwa, hugeuka mvuke taratibu zaidi, lakini haikomi upesi. Sura ya pili ni vumbi. Dawa zitengenezwazo viwandani kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, kama vile pemethrini na sipemethrini, karibu hazitoi mvuke katika joto la kawaida. Hushika chembe za vumbi na nyuzinyuzi za zulia, zikapanda hewani kila mtu afagiapo au mtoto achezapo, kisha zikatua tena mahali pengine. Aliyenunua chujio la vumbi kwa ajili ya daiklovosi amepoteza fedha yake, na aliyenunua mkaa wa kuchujia kwa ajili ya pemethrini hakupata haja yake. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mpulizaji, kabla ya bei, ni jina la dawa iliyomo ndani ya bomba lake.

Asiyelijua jina hilo, au akataaye kukuonyesha chupa ilimotoka, usimfungulie mlango. Dawa halali huja katika chombo chake chenye kibandiko, na juu ya kibandiko pana jina la sumu yenyewe, kiasi chake, namba ya usajili, na muda ambao watu wapaswa kukaa nje. Kwa Tanzania Bara usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kipige picha kibandiko hicho kwa simu yako, uihifadhi. Ikitokea mtu wa nyumbani ametokwa na jasho na mate kupita kiasi, akatapika, mboni za macho zikasinyaa mfano wa ncha ya sindano, na misuli ikamcheza, mtoe nje kwenye hewa safi na umkimbize hospitali pamoja na picha hiyo, maana daktari aliyejua jina la sumu huanza matibabu bila ya kubahatisha.

Kuna kitu kimoja ambacho mwongozo huu hauwezi kukisaidia kwa chujio lolote, nacho ni vidonge vya alumini fosfaidi, vile vya kuhifadhia nafaka ghalani. Vidonge hivi vikiguswa na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu, hupenya katika nyufa za milango na kuta, na haizuiliwi na mkaa wa kawaida wa mashine za nyumbani. Wako watu ambao huvitia chini ya kitanda kwa ajili ya kunguni, au huvitumia katika magunia ya mahindi yaliyopangwa chumba cha kulala. Na familia nzima zimewahi kufa usingizini kwa sababu hiyo katika nchi mbalimbali. Ukijua kwamba vimetumika nyumbani kwako au katika chumba cha jirani mnayeshiriki naye paa, toka na watu wote, usiku au mchana, mkae nje, na mwite watu wenye ujuzi na vifaa. Usirudi ndani kufungua madirisha.

Tukirudi kwa dawa za kawaida, ni vema tukumbuke ni nani hasa tunayemsafishia hewa. Mwaka 1990 Richard Fenske na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo vya vyumba vilivyopuliziwa klopirifosi, wakaonyesha kwamba hewa ya karibu na zulia, kiasi cha sentimita 25 kutoka chini, mahali pua ya mtoto atambaaye inapokuwa, ilibeba dawa nyingi kuliko hewa ya mtu mzima aliyeketi. Mwaka 1998 watafiti wengine wa nchi hiyo hiyo waliingiza vitu vya kuchezea katika nyumba ambazo zilikuwa zimekwisha kupuliziwa na kupitishiwa hewa, wakaona dawa ikizidi kujikusanya juu ya vitu hivyo kwa muda wa wiki mbili. Miaka miwili baadaye serikali ya Marekani ilipatana na watengenezaji kuiondoa klopirifosi katika karibu matumizi yote ya nyumbani. Nasi tulio na desturi njema ya kukaa juu ya mkeka na jamvi, na ambao watoto wetu hulala chini bila ya kuona aibu wala taabu, twapaswa kuuchukua ushahidi huo kwa uzito mkubwa zaidi.

Kazi ya kwanza baada ya muda wa kibandiko kupita ni kuitoa hewa mbaya, na hapa upepo wa pwani ni neema ambayo haina bili ya umeme. Hewa haitoki chumbani kwa kufunguliwa dirisha moja. Hutoka inapopata mlango wa kuingilia na wa kutokea. Katika miezi ya kaskazi fungua wazi madirisha yanayotazama kaskazini na mashariki, na katika miezi ya kusi yale ya kusini, kisha ufungue upande wa pili ili upepo upite chumbani na kuondoka. Feni ya mezani usiiweke katikati ya chumba ikakuzungushia hewa ile ile. Iweke katika dirisha la upande upepo unakoelekea, uso wake ukitazama nje, isukume hewa ya ndani nje. Pangaboi la darini husaidia kuchanganya hewa tu, halitoi kitu nje, na kiyoyozi cha ukutani ambacho wengi hukidhania kuwa kinaleta hewa mpya, kwa kweli hupoza hewa ile ile ya chumbani na kuirudisha. Ondoa wavu wake wa vumbi na uuoshe kwa sabuni, maana umeshika dawa pia.

Saa zina maana. Mvuke wa dawa huongezeka kadiri joto linavyoongezeka, na nyumba ya bati bila dari, saa saba na saa nane za mchana, hutoa mvuke ukutani mara nyingi zaidi ya inavyotoa alfajiri. Kwa hiyo saa hizo ndizo za kufungua kila kitu, makabati, droo na masanduku ya nguo, ili joto lenyewe lifanye kazi ya kuifukuza dawa na upepo wa baharini wa alasiri uichukue. Ni makosa kufunga nyumba mchana kwa sababu hakuna mtu, na kuifungua jioni watu warudipo. Kwa dawa zenye mvuke mwepesi, siku chache za utaratibu huu huondoa sehemu kubwa. Kwa zile nzito, uufanye desturi ya kila siku kwa wiki kadhaa. Na ikiwa unakaa katika nyumba ya kupanga ambayo kuta za vyumba hazifiki juu bali huishia chini ya paa, fahamu kwamba mvuke wako ni mvuke wa jirani, na ujirani mwema wadai umwarifu kabla ya siku ya kupulizia, hususa akiwa na mtoto mchanga, mja mzito au mgonjwa wa pumu.

Kazi ya pili ni vumbi, nayo ndiyo ambayo watu huifanya kwa haraka kuliko zote, ilhali kwa dawa za jamii ya pemethrini ndiyo kazi yenyewe hasa. Ufagio mkavu, uwe wa chelewa au wa dukani, ni adui hapa, kwa kuwa hulinyanyua vumbi lililokuwa limelala na kulipandisha mpaka puani. Vaa glavu za mpira. Chukua kipande cha kanga kuukuu, ukikunje mara mbili kiwe robo, ukitie katika maji ya sabuni na ukikamue mpaka kisichuruzike. Anza juu: panga za feni upande wake wa juu, ambako utakuta utando wa kijivu unaonata, kisha fremu ya mlango, nondo na wavu wa dirisha, ubao wa kitanda, meza, miguu ya viti, na sakafu iwe ya mwisho. Kila uso wa kitambaa ukichafuka, kigeuze. Kikiwa kimekunjwa hivyo kina nyuso nane, na zote nane zikiisha ndipo unapokisuuza katika ndoo, si kabla, na maji ya ndoo huyabadilisha mara yanapoingia weusi. Ukipangusa kwa uso ule ule uliochafuka, unaihamisha dawa kutoka dirishani kwenda mezani. Maji hayo machafu mwaga chooni, wala si katika mfereji uendao mtoni au kwenye bwawa, kwani pemethrini, hata kidogo sana, huua samaki.

Hapa msomaji makini ataniuliza kama kwa kupangusa hivyo hatuiondoi dawa iliyolipiwa kabla haijafanya kazi. Jibu ni kwamba twapaswa kutenganisha mahali pa mdudu na mahali pa mtu. Nyufa za kitanda, mishono ya pembeni mwa godoro iliyopuliziwa, nyuma ya fremu za milango na kona za ukuta, hapo kunguni na mayai yake wapo, na mayai huanguliwa ndani ya wiki moja na siku kadhaa, kwa hiyo mahali hapo paache mpaka duru ya pili ya kupulizia imalizike. Lakini katikati ya sakafu, juu ya meza, vishikio vya milango na sehemu ambazo mikono na nyayo hugusa, hapo dawa haimpati kunguni yeyote, inampata mwanao. Safisha hapo upesi.

Mashuka, mapazia na vyandarua visivyo vya dawa vifuliwe peke yake kwa sabuni na vianikwe juani. Maji matupu hayatoshi, kwani dawa nyingi hizi hazikubali kuyeyuka katika maji. Usitie dawa ya klorini katika maji ya kufulia wala ya kupangusia ukidhani kwamba ukali wake utaiharibu sumu: zipo dawa, klopirifosi mojawapo, ambazo zikikutana na klorini hugeuka kuwa kitu kikali kuliko asili yake. Mikeka ioshwe. Zulia nene lililopuliziwa likiwa limetandikwa, kama hakuna mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio zuri, ushauri wangu ni kuliondoa chumba cha watoto moja kwa moja.

Baada ya hayo ndipo mahali pa mashine panapofika. Ndani ya mashine nzuri huwamo vitu viwili. Cha kwanza ni chujio la vumbi laini lijulikanalo kwa herufi HEPA, ambalo hukamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, ukubwa ambao ndio mgumu kukamatwa. Chembe zilizo kubwa zaidi, na ndogo zaidi pia, hunaswa kwa wepesi. Chujio hili hushika vumbi lenye pemethrini, lakini mvuke hulipita kana kwamba halipo. Cha pili ni mkaa amilifu, yaani mkaa uliochomwa kwa joto kali na mvuke wa maji mpaka ukajaa matundu yasiyoonekana kwa jicho, hata gramu moja ikawa na uso wa ndani wa mita za mraba mia kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya 1,000. Vifuu vya nazi, ambavyo kwetu huishia jikoni, ni mojawapo ya mali ghafi bora za kuutengenezea. Mvuke wa dawa ukipita hunata katika matundu hayo. Lakini mkaa wa kupikia si mkaa amilifu. Matundu yake ni machache, na kuuweka katika sahani pembeni mwa chumba hakuna faida ya maana.

Katika kununua, uliza uzito wa mkaa. Mashine nyingi za bei nafuu hutangaza kuwa zina mkaa, na ukilifungua chujio unakuta kitambaa cheusi chembamba kilichonyunyiziwa gramu chache, ambacho hujaa upesi na kisha kupitisha kila kitu. Uutakao ni mkaa wa punje, unaosikika ukichakarika unapolitikisa chujio, wa kilo moja au zaidi. Na hata huo una mipaka yake pwani: unyevunyevu wa hewa yetu huziba sehemu ya matundu, hivyo muda wa miezi ulioandikwa katika kijitabu, ambao haukukadiriwa kwa hewa ya Tanga wala Unguja, usiutegemee bali uupunguze. Mkaa uliojaa, chumba kinapopata joto, huweza kuurudisha hewani mvuke uliokuwa umeushika. Ukianza kusikia harufu ya dawa ikitoka kwenye mashine yenyewe, mkaa umekwisha, hata kama taa ya kuashiria haijawaka.

Ukubwa wa mashine hupimwa kwa hesabu nyepesi. Chumba cha urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 2.8 kina mita za ujazo 39; na ili hewa yote ichujwe mara tano kwa saa, yatakiwa mashine itoayo mita za ujazo kama 200 za hewa safi kwa saa. Ikiwa kiwango kimeandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Kipimo hicho ni cha kasi kubwa ya mashine. Ukiiweka katika kasi ya chini kwa sababu ya kelele, hesabu inashuka pia, hivyo afadhali kununua kubwa ya kuendeshwa polepole kuliko ndogo ya kulazimishwa. Iweke chini, karibu na walalao, mbali na kona na pazia. Ifanye kazi usiku milango ikiwa imefungwa, na mchana uizime, uuachie upepo zamu yake.

Asiyeweza bei hiyo ana njia nyingine kwa upande wa vumbi. Mwaka 2020 Richard Corsi na Jim Rosenthal wa Marekani walibuni sanduku ambalo ubavu wake ni machujio ya kiyoyozi ya daraja la 13, yameunganishwa kwa utepe, na juu yake feni inayovuta hewa kupitia humo. Fundi wa viyoyozi mwenye kupata machujio hayo aweza kuliunda kwa siku moja. Hushika vumbi vizuri sana, na mvuke halishiki kabisa.

Vipo vitu vya kuepuka. Mashine za ozoni huuzwa kwa sifa kwamba zinaua kila harufu. Ozoni huchoma mapafu, na ikikutana na dawa kama klopirifosi huigeuza kuwa ile sumu kali niliyoitaja kwenye klorini. Maua ya chunguni ni pambo zuri, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Marekani ilionyesha kuwa ili yalingane na hewa inayoingia yenyewe nyumbani yangetakiwa kuanzia 10 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Na udi na ubani, ambavyo navipenda na mahali pake katika nyumba zetu ni pa heshima, visifukizwe kwa ajili ya kuifunika harufu ya dawa: moshi wake huongeza chembe hewani, na harufu iliyofunikwa ilikuwa ndiyo mwonyaji wako.

Naomba msomaji asiyatumie haya dhidi ya kazi ya kupambana na malaria. Dawa ipuliziwayo ukutani na wapulizaji wa serikali, kama ilivyofanyika Zanzibar tangu 2006 na baadaye Kagera, imechaguliwa na kupimwa ili ikae ukutani, na kuta hizo hazioshwi wala hazipakwi rangi mpya. Ondoa vyakula na vyombo kabla, kaa nje muda ulioamriwa, fagia kwa kitambaa chenye unyevu wadudu waliokufa sakafuni, kisha ukae kwa amani. Chandarua chenye dawa nacho si cha kuogopwa. Cha kupunguza ni dawa ya mbu ya kuchoma: watafiti waliopima moshi wake waliandika mwaka 2003 kwamba koili moja ikichomwa hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Aliye ndani ya chandarua kizima hana haja ya kuivuta usiku kucha.

Kadhalika mkulima asiingie ndani na nguo alizopulizia kahawa au pamba, wala asilaze bomba la mgongoni uvunguni. Na mahindi yaliyotiwa dawa ya unga yasilale chumba kimoja na watu. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua dumuzi kwa kuwakosesha pumzi, huhifadhi mahindi bila ya dawa yoyote.

Chujio lililokwisha, la vumbi au la mkaa, litoe ukiwa nje ya nyumba, umevaa glavu na umefunika pua, bila ya kulikung'uta. Litie katika mfuko wa plastiki, uufunge, uutie katika mfuko wa pili, na upelekwe jalalani na gari la taka. Lisichomwe uani wala lisitumike kuwashia jiko, na mkaa wa ndani yake usipewe mtu wa kupikia, ajapouomba.